Shokapu Iliyovuja Njia ya Bukiriro

Wakati wa vita vya Kagera, gari letu la hospitali huko Biharamulo lilichukuliwa kubeba askari. Kwa hiyo surua ilipoingia Bukiriro, upande wa Ngara, mganga alinikabidhi mimi, msaidizi wake, pikipiki na sanduku la chanjo lililojaa barafu. "Barafu ikiisha," alisema, "utakuwa umebeba maji tu."

Biharamulo, asubuhi, shokapu ya mbele ya kushoto ya pikipiki ilikuwa inavuja. Fundi Method aliifungua, akang'oa sili, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke, akaweka mpya. Akanipa sili nyingine ya akiba na chupa ya oili. Nikaondoka moyo umetulia.

Nilipofika Lusahunga jua lilikuwa limeanza kuchoma. Nikashuka, nikaona shokapu ileile inang'aa kwa oili mpaka kwenye gurudumu. Sikuelewa. Sili mpya inavujaje? Mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akichoma mahindi njia panda alisimama ghafla, mkono kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Macho yake hayakutoka kwenye shati langu la kaki. "Unaenda kwa nani?"

"Napeleka chanjo ya surua Bukiriro."

"Ya sulua?" Akaketi, akashusha pumzi ndefu. "Basi pumzika, mwanangu, ule hindi."

Nilidhani jua limemzidi. Nikajikunja kwenye kivuli cha kibanda chake, nikatoa gurudumu, nikafungua shokapu na kuweka ile sili ya akiba. Nilijiambia Method aliiweka ile ya kwanza kinyume, ingawa nilipoitazama kabla ya kuing'oa ilikuwa imekaa sawasawa.

Njia ya Rusumo, mchana, mambo yalizidi kunichanganya. Kila kijiji cha ujamaa nilichopita, watu waliokuwa kwenye shamba la pamoja waliacha kulima wakanikodolea macho. Nilipunga mkono, hakuna aliyenijibu. Na oili ilikuwa imeanza kutoka tena. Nikaanza kujishuku: labda sijui kazi, labda sili zenyewe ni mbovu, labda pikipiki hii ina laana.

Nilipoacha barabara kuu na kuingia kwenye vilima, mteremko wa mwisho kabla ya Bukiriro ulinishinda. Nilikamata breki ya mbele, haikushika. Oili ilikuwa imeingia ndani yake. Nikaacha njia, nikaingia kwenye migomba ya watu, pikipiki ikalala upande wake, mimi upande wangu. Sanduku lilikuwa zima.

Mama mwenye shamba alitoka mbio. Baadaye nilimfahamu kwa jina la Mama Leokadia. Hakuniuliza kama nimeumia. Alipiga magoti mbele yangu.

"Sema tu," alisema. "Amekufa?"

"Nani, mama?"

"Mume wangu. Si ndiyo habari uliyoniletea?"

Nikafungua sanduku, nikamwonyesha vichupa vilivyokuwa vikielea kati ya vipande vidogo vya barafu. "Nimekuja kuchanja watoto, mama. Sina habari nyingine."

Aliinuka, akajipangusa magoti. Ndipo akanieleza. Mumewe alikuwa vitani pamoja na mgambo wenzake. Jirani yake alipoletewa habari ya kifo cha mwanawe, aliyeileta alikuwa mtu aliyevaa kaki, juu ya pikipiki.

"Tukisikia mlio huo," alisema, "kila mmoja anaomba usizimike kwake."

Mwenyekiti wa kijiji alikusanya watoto shuleni, nikawachanja wote walioletwa kabla barafu haijaisha. Mama Leokadia alileta wake, akanisaidia kuwashika wa wenzake.

Kesho yake, uani kwake, niliifungua shokapu tena. Nilikuwa nalifuta kwa pamba lile bomba la chuma linalopanda na kushuka ndani yake, mara pamba ikanasa. Nikapitisha kidole: kipele cha kutu, kidogo kuliko punje ya ulezi. Hicho ndicho kilichokuwa kikikwaruza kila sili niliyoweka. Nikaazima kinoo, nikakisugua taratibu kwa oili mpaka pamba ikateleza. Kati ya zile sili mbili nikarudisha iliyokuwa na nafuu, nikaosha breki kwa petroli.

Wakati wa kurudi shokapu ilikuwa kavu. Lakini kwenye kijiji cha kwanza nilisikia majembe yakinyamaza. Safari hii nilizima mbali, nikavua shati la kaki, nikatembea kwa miguu kuelekea shambani nikipaza sauti: "Natoka kuchanja watoto! Sina habari ya mtu!"

Nilifanya hivyo kila nilikotumwa mpaka vita vilipokwisha. Siku ile wanawake wawili walicheka, mmoja akaniita daktari kichaa. Wa tatu aliketi kwenye tuta, akajifunika kanga usoni, akalia kama mtu niliyemletea msiba.