Ini la Mtani

Zaida mkaanga samaki wa Palma hamwiti Rizuane kwa jina lake hata siku moja. Humwita Kichwa-Boga, Mwizi wa Vitambaa, na siku akifurahi sana, Maiti Mtarajiwa. Msishangae. Rizuane, fundi cherehani, ni mtoto wa mjomba wake, na utani wa mabinamu huku kwetu ni haki ya kuzaliwa. Siku ya harusi ya Rizuane, Zaida alimwibia viatu, bwana harusi akaingia kwa mkewe pekupeku, na hakuna aliyethubutu kununa.

Basi fundi huyo macho yakamgeuka manjano, tumbo likamjaa maji. Daktari Quitéria, mtu wa kusini mwa Msumbiji aliyeletwa huku Palma na kazi, akawaita ndugu wote.

"Homa ya ini imelikausha ini lake. Dawa peke yake haitoshi tena. Huko India wanakata kipande cha ini la mtu mzima wa afya, wanampandikizia mgonjwa. Kipande kinakua, na la aliyetoa linarudia ukubwa wake baada ya miezi michache. Lakini atoe ndugu."

Ndugu wakaangalia sakafu.

"Mpeni langu," Zaida akasema. "Walau apate kiungo kimoja chenye akili."

Chumba kizima kikaangua kicheko, mgonjwa naye. Zaida akaapa kwamba anasema kweli; wakazidi kucheka. Loo! Miaka thelathini amewachekesha, leo nani amwamini? Akarudi nyumbani na hasira zake, akaunguza karai zima la samaki.

Wiki mbili zikapita. Rizuane anakwisha, na kila ndugu aliyepimwa hafai: huyu damu haipatani, yule naye ana homa ileile. Asubuhi moja Zaida akajitanda vizuri, akaenda kubisha mlangoni kwake.

"Hodi. Shikamoo, kaka Rizuane. Umeamkaje?"

Rizuane akashika ukuta. Tangu azaliwe hajasikia adabu kinywani mwa mwanamke huyu.

"Kumbe nakufa kweli?"

"Ndiyo, kaka. Na mimi sitaki. Kisu nakiogopa, lakini naogopa zaidi kubaki sina wa kumtukana."

Wakalia wote wawili, ovyo kabisa. Kesho yake Zaida akapimwa, akafaa. Junta ya madaktari, wale wanaoamua nani apelekwe nje kutibiwa, ikawapitisha, wakasafiri India, wakarudi kila mmoja na mshono wake tumboni. Zaida akamwambia fundi kwamba kwa mara ya kwanza ameona mshono ulionyooka.

Lakini kupandikizwa siyo kupona ukasahau. Ni vidonge asubuhi na jioni, maisha yote, la sivyo mwili unalikataa ini. Vinatoka mjini Pemba, makao ya mkoa, na barabara ikifungwa Zaida huvifuata kwa boti mwenyewe. Na mwanamume akishanenepa hujiona amepona, tena! Mwaka wa pili, Rizuane akiwa chumba cha ndani, Zaida akafungua saraka ya cherehani atafute kitambaa cha kuiba. Akakuta vidonge vya siku nne vimelala pamoja na vifungo.

Hakutukana. Akatoka nje, akafunga mlango, akabisha upya.

"Hodi. Shikamoo, kaka Rizuane."

Ndani kiti kikaanguka.

"Zaida, usinifanyie hivyo! Nameza! Nimeshameza! Nitukane, nakuomba!"

Akasimama pale nje, mkono juu ya mshono wake, mpaka aliposikia kikombe kikirudi mezani.

"Kichwa-Boga we," akasema, akafungua mlango.