Lugha Aliyobaki Nayo Baba

Neno la kwanza kumpotea baba lilikuwa "msasa." Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake nje ya nyumba yetu ya mtaa wa Jericho, twiga wa mti asiye na masikio bado katikati ya magoti, akamnyooshea mama mkono na kusema, "Nipe ile... ile ya kusugua." Mama akaangua kicheko. Tangu waoane, baba ndiye aliyechonga na mama ndiye aliyepiga msasa, na sidhani kuna neno lililotamkwa zaidi katika nyumba ile kuliko hilo, hata jina la Mungu. "Umezeeka, mzee," mama akamwambia. "Kesho utasahau na jina langu." Tulicheka sote watatu. Mimi nilikuwa nimekuja kuwatembelea kutoka mtaa wa Umoja nilikopanga, kama kila Jumapili, na nilicheka kuliko wao.

Baadaye kichwa kikaanza kumuuma, halafu akaanguka akiwa anaoga, halafu tukajikuta hospitalini.

Mimi ndimi kifungua mimba, na ndimi niliyesoma, kwa hiyo daktari alipotoka na picha aliniita peke yangu. Alikuwa mwanamke mpole, mdogo kwangu kwa umri. Alinionyesha kichwa cha baba kwenye kioo cha kompyuta, na upande wa kushoto kulikuwa na doa jeupe. Akaniambia ni uvimbe wa saratani, umetokea humo humo kwenye ubongo na umeshafika mbali. Mionzi na dawa zingeweza kuupunguzia mwendo lakini si kuuondoa. "Uko mahali maneno yanapokaa," alisema. "Maneno yataendelea kupotea. Kama kuna jambo mnataka kuzungumza naye, zungumzeni sasa."

Nilielewa kila neno alilosema. Habari yenyewe sikuielewa. Nilimshukuru, nikatoka, nikamkuta mama kwenye benchi akiwa ameshika kofia ya baba kwa mikono miwili.

"Amesema nini?"

"Uvimbe, mama. Kwenye ubongo."

Tulipofika nyumbani mama alimkalisha baba mlangoni penye mwanga, akaanza kumpapasa kichwa. Alipitisha vidole nyuma ya masikio, kwenye utosi, kwenye kisogo, taratibu, kama alivyopapasa vinyago kutafuta mahali palipokwaruza. Baba alitulia tu. "Mbona siuoni?" mama akauliza. Nikamwambia uko ndani. "Ndani wapi?" Nikamfokea. Nina hasira za karibu, kila mtu wa kwetu anajua, na siku hiyo zilitoka kwa mtu ambaye hakustahili. Mama alinitazama, akaenda kuinjika chai.

Nikafunga chumba changu Umoja, nikahamia kwao. Nilikuwa na mengi ya kuzungumza na baba, na daktari alikuwa ameniambia nisichelewe. Ila Kiswahili cha baba hakikunisubiri.

Hapa ni lazima nieleze nyumba yetu. Baba ni Mkamba na mama ni Mluhya. Walipokutana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, wakaoana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakatulea kwa Kiswahili, nasi tukakipeleka nje kwenye korido na kukirudisha kikiwa Sheng. Likizo tukienda kwa nyanya, mama yake baba, binamu zetu walitucheka tulivyovunja maneno ya Kikamba mpaka wakashika mbavu. Baba naye alicheka. "Nyinyi kabila lenu ni Jericho," alikuwa akisema. Neno moja tu la Kikamba ndilo lililoishi nyumbani kwetu, nalo ni *mwaitu*, yaani mama yangu. Ndivyo alivyoniita mimi, kwa sababu nina jina la mama yake.

Basi Kiswahili kilimtoka, kipande leo, kipande kesho, na kila kilipotoka Kikamba kilikaa mahali pake. Mwanzoni alichanganya. Mwishowe alizungumza Kikamba kitupu, kwa sauti yake ile ile ya kawaida, mikono ikienda, akingoja tujibu. Hakujua kwamba amebadilisha lugha. Nilipomjibu kwa Kiswahili alinikazia macho, uso umemkunjamana, kama mtu anayepigiwa kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Mama, aliyelala kitanda kimoja na mtu huyu maisha yake yote, alikuwa mgeni kwake.

Nilimwita jirani. Yeye ni mzee Mkamba, dereva mstaafu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyecheza bao na baba jioni nyingi. Alipomsikia alitikisa kichwa. "Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini," alisema. Akavuta kiti, wakazungumza, na baba aliongea, akaongea, mpaka machozi yakamtoka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anashukuru Mungu. Anasema amechoka, anataka kupumzika."

Kila jioni alikuja, na kila jioni baba alishukuru Mungu. Mara alishukuru kwa uji, mara kwa kutunzwa vizuri. Wanamaombi wa kanisani walipofika wakasikia hivyo, walipiga makofi wakasema huo ndio ushindi. Mimi nilikaa kwenye kona na glasi yangu ya chai nikijiuliza ni shukrani gani hii inayomfanya mtu ageukie ukuta wageni wakiondoka.

Maana baba alikuwa ameanza kutukasirikia. Alisema maneno yale yale, akianza na *mwaitu*, akimalizia kwa sauti inayopanda, kisha akangoja. Tusipojibu alijifunika blanketi. Na ukweli ni kwamba tulikuwa tumeacha kujibu. Unamwambia nini mtu ambaye hakusikii? Mama alimlisha kimya, akamfuta kimya, kisha akatoka na yule twiga, akampiga msasa ambao hakuuhitaji tena. Mimi nilimgeuza kitandani bila neno. Nyumba ile ya kelele ilinyamaza hadi tukawa tunasikia redio za majirani pande zote mbili. Sijawahi kuwa mpweke vile, na sikuwahi kuwa karibu na wazazi wangu vile.

Asubuhi moja nilimrekodi kwa simu. Nikaenda nayo soko la Jericho, kwa mama mmoja wa mboga ambaye ni Mkamba wa Machakos na hakujua nyumbani kwetu ni wapi.

"Sasa mrembo, leo ni sukuma ama managu?"

"Sukuma. Na unisaidie kitu. Unaskia Kikamba, sindio?"

"Si hiyo ndio lugha yangu."

Akafuta mikono kwenye leso, akaweka simu sikioni. Akaombwa na mteja nyanya, akampungia mkono asubiri. Akasikiliza tena.

"Hii ni mchezo ya redio?"

"Anasema nini?"

"Anaita mtu mamake. Anauliza, 'Nimewakosea nini? Mbona watu wa hii nyumba hamnisemeshi? Hata kama nilikosa, si mniambie?' Anarudia tu hiyo. Woi, huyu mzee. Kwani wamemfungia wapi?"

Nilichukua sukuma yangu, nikasahau chenji, nikarudi huku nikilia hadharani, jambo ambalo mtu wa mitaa yetu ya Eastlands hafanyi.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda nyumba ya tatu. Mzee alikuwa akinyoa ndevu kwenye kioo kilichotundikwa dirishani. Nikamwambia nimejua, nikamwita mwongo, mzee wa umri ule, na povu la sabuni usoni. Hakukasirika.

"Ungemwambia mama yako hivyo?" akauliza. "Yeye akiwa ameshika bakuli anamlisha? Mimi neno chungu la mgonjwa nalala nalo kwanza. Nalipeleka asubuhi likiwa limepoa."

"Na asubuhi ilikuwa lini, mzee?"

Akamaliza kunyoa upande mmoja, akaketi. Akasema amemweleza baba kila jioni kwamba anaumwa, kwamba sisi hatusikii Kikamba, na baba hakuamini. Alimuuliza, "Mwanangu anawezaje kukosa kunisikia?"

Hapo ndipo nilipoelewa alichoniambia daktari. Si doa jeupe, wala mionzi. Nilielewa kwamba baba anakwenda, na anakwenda akidhani tumemnunia.

"Nifundishe," nikamwambia mzee. "Nifundishe kumwambia kwamba hajatukosea, na kwamba tuko hapa."

Alinifundisha. Sentensi moja. Niliirudia mbele yake kama mtoto wa chekechea, akanirekebisha, nikairudia, nikaibeba mpaka nyumbani nikiinong'ona nisiimwage njiani.

Mama alikuwa mlangoni na msasa wake. Nilimpita. Baba alikuwa ameelekea ukutani. Nikakaa kitandani, nikamshika bega, nikaisema.

Hakugeuka mara moja. Nikaisema tena. Akageuka polepole, akanitazama, midomo ikamcheza, na akacheka. Alinicheka kama alivyonicheka nikiwa mdogo kwa nyanya, kwa jinsi nilivyoyavunja yale maneno. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ile migumu ya kuchonga kwa tezo, akaanza kuzungumza. Alizungumza kwa haraka na kwa raha. Alinionyesha mama kwa kidevu, akanionyesha dirisha, akauliza, akajijibu, akataja mambo ambayo huenda ni yale yale niliyotaka tuzungumze.

"Anasema nini?" mama akauliza kutoka mlangoni.

"Sijui, mama."

Baba akanyamaza, akaniangalia, akingoja zamu yangu. Nilikuwa na sentensi moja tu. Nikampa ile ile tena.