Maziwa ya Kutwa

Kwa mama mkwe wangu, pale Nyamirambo, chupa ya chai ilikaa mezani tangu alfajiri, na mgeni akiikuta imepoa ilikuwa aibu ya nyumba nzima.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, ziwa moja lilifanya jipu, na nilipopona maziwa yalikuwa yamekauka. Tukaanza ya kopo. Vita vilikuwa kaskazini, makaa yalikuwa adimu, na kuwasha jiko kila mtoto anapolia mama mkwe aliona ni wazimu. Basi alikoroga maziwa ya kutwa alfajiri, akayahifadhi katika chupa nyingine ya chai, ile mpya yenye maua. Mimi nilikuwa barazani na cherehani. Mtoto akilia, yeye ndiye aliyejaza biberoni ya kunyonyeshea na kumpakata. Nilimwonea wivu, nasema kweli.

Mtoto akaanza kuharisha.

"Iko meno," alisema mama mkwe.

Meno gani, kwa mtoto ambaye hata shingo haijakaza! Lakini mkwe habishiwi. Nilifua nepi, nikaanika, nikafua tena. Asubuhi moja niliona utosi umebonyea, na alilia bila machozi. Nikamfunga mgongoni, mbio hadi kituo cha afya. Mama mkwe akafuata na kapu lake, chupa ya maziwa ndani, mjukuu asije akashinda njaa.

Muuguzi aliuliza tunavyotengeneza maziwa. Mama mkwe akanifinya, kwa kuwa ya nyumbani hayasemwi nje. Lakini mficha uchi hazai, nikaeleza yote.

Muuguzi alifungua chupa, akanusa, akamwaga.

"Mukecuru, bibi yangu, maziwa ikikaa vuguvugu kutwa inaharibika. Hii ndiyo inamuharisha mtoto."

"Lakini iko moto! Kitu ya moto haina mdudu."

"Moto ya chupa haitoshi, mama. Mutengeneze ya mara moja, yenye inabaki mumwage."

Nilipewa kikombe cha maji ya chumvi na sukari. Nilimnywesha kijiko kwa kijiko hadi alasiri, akanikojolea mapajani. Sijawahi kufurahia mkojo namna ile! Ndipo nikamgeukia mama mkwe, maneno yote ya wiki zile yamejaa kinywani.

Alikuwa kwenye benchi, anatazama sakafu.

"Na ule mtoto ya wifi yako," alisema taratibu, "wenye tulizika mwaka jana. Na yeye aliharisha. Na yeye ni mimi nilimuwekea maziwa."

Niliyameza maneno yangu. Tulirudi nyumbani, yeye mbele na mimi nyuma. Wifi alikuwa anatungoja mlangoni. Alimpokea mtoto kutoka mgongoni mwangu, akambusu utosini, akauliza, "Wamesema iko na nini?"

Mama mkwe alinitazama, akalificha kapu la chupa nyuma yake.