Wembe Mmoja kwa Nyumba Nzima

Macho ya tonton yaligeuka manjano wakati askari walikuwa wamefunga barabara ya Banalia. Alikuwa ndugu mdogo wa mama yangu, mvuvi wa mitego pale kwenye maporomoko. Miguu ilikonda, tumbo likajaa maji. Muuguzi hakutuficha: ini lilikuwa limechakaa, na ugonjwa wenyewe, homa ya ini, ulikaa katika damu. Tone kwenye wembe lingetosha kumwambukiza mwingine. Dawa hakuwa nayo. Alitupa onyo, tena bure. Labda ndiyo sababu nyumbani hawakulithamini.

Walikuwa wamekwisha kumwita mganga. Kwetu, mgonjwa wa manjano huchanjwa chale kifuani, kisha wembe uleule hupita kwa kila anayelala chini ya paa lake, hata watoto, ili ugonjwa usiwarukie.

"Kila mutu na wembe yake," nilimwambia mganga.

"Mama, nguvu inatoka kwa mugonjwa. Wembe mupya iko bubu."

"Basi uisemee wewe. Si ndiyo kazi yako?"

Alicheka, akanipa hadi jioni.

Sokoni nilimpata mwenye nyembe, mfanyabiashara wa Butembo. Nilimbebea sabuni zangu za kuuza, tubadilishane, naye akazitaka zote.

"Hizi zinakata almasi?"

"Vita ndiyo ilipandisha bei, mama, si mimi."

"Alors, niitie vita, niongee nayo."

Nilirudi mikono mitupu, ila nyembe. Nilizihesabu, nikarudia: ulipungua mmoja. Watoto wote walipata mpya, nasi wakubwa pia, ukabaki mmoja kwa tonton na mke wake. Mganga akashikilia kwamba mgonjwa aanze. Alipomaliza kumchanja tonton, mke huyo akanyoosha mkono kuuchukua wembe ungali umelowa. Nilimshika.

"Niache. Nimelala na yeye hii miaka yote, leo niogope wembe yake?"

Tonton alimtazama. Hata nguvu ya kumgombeza hakuwa nayo. Mganga akamchanja mke kwa wembe uleule.

Tulimzika barabara ikiwa bado imefungwa. Watoto walikua. Mjane aliendelea kuuza samaki, na kila alipokuja kununua sabuni nilimtoa kivulini, tupatane bei juani. Alijua ninachotafuta.

"Angalia macho vizuri, mama, halafu unipunguzie."

Sikumpunguzia hata mara moja. Tulibishana, tukatukanana, akaenda zake akicheka.

Mpaka siku ile, jua likiwa kali, nilipoyatazama macho yake, nikampunguzia kabla hajaomba. Alisimama na sabuni mkononi.

"Bon," akasema. "Ni kusema nimeanza."