Viatu vya Mzee Kaaya

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo. Nilikuwa nesi mpya kama wewe, katika hospitali moja huku miteremkoni mwa Mlima Meru. Nilipangwa meza ya kupima wagonjwa kabla hawajaingia kwa daktari.

Akaja Mzee Kaaya na mkewe. Mzee wa kanisa yule, jirani yetu, aliyekuwepo mbele ya usharika siku ya kipaimara changu. Suti, kofia mkononi, viatu vyeusi. Nikamwamkia, akaniitikia, "Marahaba, binti yangu." Nikauliza anaumwa nini.

"Kikohozi kidogo tu. Baridi hii!"

Nikampima presha, nikahesabu mapigo ya moyo. Mstari wa mwisho wa fomu uliuliza kama miguu imevimba. Ehee, hapo sasa! Nimwambie mzee wa kanisa avue soksi mbele ya watu? Mimi, niliyekuwa nikimpokea mzigo njiani? Nikaona haya. Nikaandika "haijavimba," nikamwonyesha mlango wa daktari.

Foleni ilikuwa ndefu, daktari akaiamini fomu yangu. Mzee akapewa dawa ya kikohozi arudi nyumbani.

Alifika mlangoni, akashika ukuta kutafuta pumzi. Hapo ndipo Sista Eliaichi, mkuu wetu wa manesi, alipomwona. Hakumtazama usoni, alitazama viatu. Havikuwa na kamba, na pembeni vilikuwa vimechanwa.

"Shikamoo, mzee wangu. Viatu hivi nani kavichana?"

"Mimi mwenyewe, kwa kisu cha kukatia ndizi. Vimeanza kunibana."

Sista akamkalisha kwenye benchi, akavuta pazia, akapiga magoti sakafuni na sare yake nyeupe. Akamvua viatu na soksi taratibu, akabonyeza muundi kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo likabaki palepale. Akauliza mzee analalia mito mingapi.

Mkewe ndiye aliyejibu. "Mito ipi, Sista? Mwezi mzima analala kwenye kiti. Akijinyoosha tu, pumzi inakata."

Moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu, maji yamejaa miguuni na yanapanda kifuani. Akalazwa saa ileile.

Sista akaniita pembeni na fomu yangu. "Hii 'haijavimba' umeiona wapi?"

"Niliona aibu, Sista."

"Aibu yako ilikuwa inampeleka kaburini. Ukimwamkia mzee bila kumchunguza, umemheshimu nini?"

Nililia, mwanangu. Alichomwa sindano za kupunguza maji, kitanda kikainuliwa upande wa kichwa, na kila asubuhi nilimpima uzito mimi mwenyewe nikiomba Mungu kimoyomoyo. Siku ya nne nilimkuta amelala juu ya mito miwili, anakoroma hadi mgonjwa wa kitanda cha pili analalamika. Wee! Sijawahi kusikia mkoromo mtamu kama ule. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu, nikausikiliza.

Alipopata nafuu akaruhusiwa, akawa anakuja kliniki. Mara ya kwanza aliketi mbele yangu, akavua viatu vyake vipya na soksi kabla sijafungua mdomo. "Kagua kwanza, binti yangu. Shikamoo nitaipokea baadaye." Foleni nzima ilicheka, na mimi nikapiga magoti.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Lakini mgonjwa wetu hafichi kwa ubaya. Mzee wa huku akiulizwa hali atasema nzuri, ndivyo alivyolelewa. Kwa hiyo mwulize na mwenzake anayelala naye nyumba moja. Hesabu pumzi dakika nzima, usikisie. Vua soksi, bonyeza, tazama. Na jambo ambalo macho yako hayajaliona, kalamu yako isiliandike, hata kama mbele yako ameketi baba mkwe wako.

Nenda sasa, wagonjwa wanakungoja. Mungu akubariki, akupe magoti mepesi ya kuinama, na wazee utakaowavua viatu leo waishi hadi waje wakuzike wewe ukiwa ajuza.