Darubini Mbili, Bunduki Moja

Kaka yangu hupanda kwetu Rombo kutoka Dar es Salaam kila Desemba kama Wachagga wote wa mjini, na kila Desemba huja na kitu cha kunifunika. Mwaka jana alileta darubini ya bunduki, mpya, nyeusi tii. Ilikuwa ya kufunga kwenye bunduki ambayo baba anaimiliki kwa kibali, kwa ajili ya nguruwe pori wanaotumalizia mahindi. Iliniuma. Mimi, ninayeishi na baba, nilikuwa nimeshamnunulia yangu kwa mstaafu mmoja wa Moshi mjini, nayo ilikuwa na mikwaruzo.

"Zipimeni," alisema baba. "Nitakayoipenda ndiyo itakayokaa."

Tukashuka shamba la chini, tukaweka kopo juu ya kichuguu. Kwa darubini yangu nililiangusha kopo mara ya kwanza. Ya kaka ilipeleka risasi pembeni, maana haikuwa imerekebishwa, nikacheka moyoni mpaka nikaona haya kidogo. Kidogo tu. Kaka akazungusha vifundo vyake vya kurekebishia, vya juu na ubavuni, kwa ncha za vidole, akafyatua tena, akalipiga katikati.

"Aisee, umeona?" akaniuliza. Nilikuwa nimeona.

Ukabaki mtihani wa mwanga hafifu, kwa kuwa nguruwe huja giza likianza kuingia. Nyumbani tulimkalisha baba barazani, tukampa darubini zenyewe bila bunduki. Kwenye yangu alisema anaona ukungu. Akachukua ya kaka. Aliielekeza juu mgombani, kwenye kaburi la mama, ambako hajafika tangu miguu imgomee.

"Namwona mama yenu," alisema. "Nani amempandia masale?" Ndiyo mimea tunayoipanda makaburini kwetu Uchaggani.

Kaka alinitazama. "Ni huyu mdogo wangu, baba. Mimi hata jembe sijui linakaa wapi."

Nilitaka kumchukia, akaninyima hata hilo.

Basi, bunduki ilibaki na darubini yangu, kwa sababu ya kaka haikutoka tena mapajani mwa baba. Unaweza kusema nilishinda. Lakini kila jioni mzee hutazama kule juu, na akimaliza husema, "Mungu ambariki kaka yako." Masale namwagilia mimi, majani napalilia mimi, baraka zinateremka Dar es Salaam.

Siku hizi napalilia kaburi jioni, saa ileile anapotazama, ili na mimi anione.