Asante Zilizokunywa Mafuta

Ndugu wasomaji, simameni kwa heshima. Onyesho langu la kwanza la nyimbo liliuawa na neno asante.

Si mzaha. Mizaha yangu mnaijua.

Naitwa Divin, jina ambalo prefe wetu wa nidhamu, Mzee Cirimwami, hulitamka kama anatema mbegu ya chungwa. Nasoma shule ya bweni hapa Bujumbura. Muhula huu nilichukua megafoni yake, nikaiga sauti yake, nikatangaza likizo. Alipofika, madarasa mawili yalikuwa yameshafunga masanduku.

"Unapenda kusikilizwa," alisema. "Basi utaongoza onyesho la shule."

Nikatunga mchezo wa nyimbo, "Kiboko Shuleni". Aliupitisha bila kuusoma, akidhani ni kile kiboko cha kuchapia. Kumbe ni yule wa ziwani. Mafuriko yanamtoa kwake, anakuja kuomba nafasi ya kusoma.

Kiboko alikuwa Orpha, wa darasa langu. Mama yake anauza ndagala, dagaa wa ziwani, mpakani Gatumba. Maji yaliwahamisha zamani, na tangu hapo kila muhula mama anasema huu ndio wa mwisho. Anahitaji mtu wa kumsaidia sokoni.

"Atakuja Jumapili," Orpha aliniambia, akishona vazi lake kwa magunia aliyopewa na mama. "Anataka asikie hiyo kitu inanishikilia huku. Akisikia mara moja tu, ataniacha nimalize."

"Na asiposikia?"

"Basi mi narudi kwa ndagala. We utafute kiboko mwingine."

"Mnene kama wewe nitampata wapi?"

Akanichoma na sindano.

Tatizo lilikuwa umeme. Hauaminiki, jenereta ya shule haikuwa na mafuta, na stesheni zote za mafuta zilikuwa kavu. Rafiki yangu Shakuru akanipeleka mtaa wa Mutakura kwa mjomba wake Huseni, fundi magari. Huseni akaingiza mpira kwenye tangi la gari lake mwenyewe, akafyonza, akatema, akanijazia kidumu.

"Ni kidogo, petit, mdogo wangu. Ni ya nyimbo tu. Apana kuchezea."

"Na wewe utatembea na nini?"

"Nina miguu. Hiyo Mungu hajaipandisha bei."

Jumapili mvua ilipiga bati la ukumbi kama ina deni nalo. Umeme ukakatika. Shakuru akawasha jenereta, kipaza sauti kikafufuka, nikamwita kiboko.

"Subiri," alisema Prefe. "Kwanza shukrani. Onyesho bila shukrani ni wizi."

"Tushukuru mwishoni, Mzee. Mafuta ni ki..."

"Divin."

Sasa, kwetu aliyeshukuriwa hakai kimya. Anasimama, anachukua neno, anashukuru kwa kushukuriwa.

Nikamshukuru mgeni wa heshima. Naye akamshukuru mkuu wa shule. Mkuu akawashukuru wazazi. Msemaji wa wazazi akamshukuru mgeni wa heshima, ikabidi mgeni asimame tena.

Nikataka kuchangamsha watu, nikamshukuru mpishi kwa maharage yake yasiyoiva.

Mpishi akasimama. Akalia. Akasema tangu aanze kupika hapa hajawahi kusikia asante, kisha akaanza kutusimulia maisha yake, tangu utoto.

Nani angemkatiza?

Kule mlangoni Shakuru alikuwa amenyoosha kidole juu, anakishusha taratibu, kama kipimo cha mafuta.

Hatimaye Prefe akashika kipaza sauti. "Na sasa, bila kupoteza wakati..."

Jenereta ikakohoa mara moja. Ikafa.

Ukumbi mzima ukanigeukia.

"Divin, washa."

"Si mimi, Mzee."

"Nimesema washa."

Siku pekee ambayo sikuwa nimezima kitu, hakuna aliyeniamini.

Orpha akatoka hivyohivyo. Akasimama ndani ya magunia yake, akafungua mdomo. Tuliona shingo ikikaza. Tuliona mikono ikiinuka. Mvua ikaimba yake juu ya bati. Mimi niliyekuwa karibu naye kabisa sikusikia hata neno.

Mama yake alikuwa nyuma, mlangoni, kitenge kimelowa.

Wimbo ulipoisha akapita katikati ya watu, akamkumbatia kiboko wake.

"Nimekusikia, mama. Nimesikia yote. Umeimba muzuri."

Kisha akanigeukia. "Aksanti, mutoto wangu."

Mimi uongo naujua, ni fani yangu. Sijawahi kutunga mzuri kama ule. Nikainamisha kichwa.

Jumatatu wasichana wa bweni lake waliniambia godoro la Orpha limekunjwa. Nikatafuta vazi la kiboko, nikakuta nyuzi tu, zimefumuliwa vizuri na kuwekwa juu ya dawati langu. Magunia yamerudi kwenye kazi yake. Yanabeba ndagala.

Ndipo nikagundua kitu. Katika asante zote za siku ile, hakuna aliyemtaja Orpha. Wala Huseni, ambaye mpaka leo anatembea kwa miguu.

Funzo, ndugu zangu: shukuru kwa ufupi, na uanze na aliyetoa.

Huseni, aksanti. Orpha, aksanti.

Nimemaliza. Msijibu.